Udongo wa Chini ya Mkanju

Moshi wa jaa la taka la Dandora huingia nyumbani kwa mama bila kubisha. Upepo ukigeuka, unakaa kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye nywele. Sisi tuliozaliwa humo tuliuzoea hata tukienda kwingine tulidhani hewa ya huko ndiyo yenye kasoro. Kifua cha mama hakikuuzoea. Daktari alimwambia mbele yangu, bila kuzungusha maneno, kwamba akiendelea kulala katika moshi ule utammaliza. Mimi nimepanga nyumba ya vyumba viwili Komarock, mwendo mfupi tu kwa baiskeli, na chumba kimoja nilikuwa nimekwisha kukisafisha, nikaweka kitanda, neti na kiti cha kukalia akisali. Mama akakataa kuhama.

"Nikihama," alisema, "ndugu yako akija atanikuta wapi?"

Ndugu yangu alikuwa amezikwa. Mama mwenyewe alikuwepo, kule kwetu magharibi, kando ya kaburi la baba, akatupa udongo wake kama sisi wengine. Lakini gari lililomleta maiti kutoka Pwani lilipita Nairobi alfajiri bila kuingia Dandora. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga kila kitu, alisema siku ya mazishi imekwisha kutangazwa na safari bado ni ndefu. Kwa hiyo, machoni pa mama, mwanawe alitoka kwa mlango ule akisukuma baiskeli, ndizi mkononi, akasema, "Mathe, narudi," na hajarudi. Mchana mama ni mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, na ukimuuliza atakwambia mwanawe amelala katika Bwana. Jioni anaweka kigoda mlangoni, anakaa akitazama barabara, moshi ukimwingia.

Alikuwa akiota ndoto ileile. Anamwona mwanawe akisukuma baiskeli kando ya barabara ngeni, anauliza njia, na watu wanampita tu. Akiamka anakohoa mpaka majirani wanagonga ukuta kumuuliza kama yuko sawa.

Watu huniambia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikatai. Lakini hata dada anajua kidogo, na aliyekuwa nyuma ya ndugu yangu siku ile nilikuwa mimi.

Alikuwa mkubwa wangu. Alifanya kazi katika kiwanda cha ndoo za plastiki, na alienda kazini kwa baiskeli kupitia Jogoo Road, mwanzoni kwa sababu hakuwa na njia nyingine, baadaye kwa sababu ya ugonjwa wa baiskeli, ambao hauna dawa. Akajipatia baiskeli ya mbio, kuukuu, tairi nyembamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Kisha akaniambukiza. Mimi ni mpiga chapa karibu na mahakama ya Makadara. Kutwa nzima naandika viapo vya watu, na wengi wao wanaapa kwa mambo ambayo hawakuyaona. Nilihitaji mahali pa kupumulia, na pumzi yangu niliipata nyuma ya mgongo wa ndugu yangu, kwenye barabara ya Kangundo, Jumamosi asubuhi.

Wazo la mto lilikuwa lake. Nyuma ya nyumba zetu mto unapita mweusi, umebeba nailoni, viatu na mizoga ya mbwa. Sisi tulijua kuutupia tu. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kuuliza unakwenda wapi, kama vile hakuna anayeuliza choo kinakwenda wapi. Yeye akauliza. Akatafuta kwenye simu, akaja kunionyesha kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu: mto wetu unaungana na Athi, Athi unazunguka mlima, unashuka kwa Wakamba chini ya uwanda wa Yatta, unakutana na mto Tsavo, watu wanauita Galana, halafu karibu na Malindi wanauita Sabaki, na hapo unaingia baharini.

"Umeona? Uchafu wa Dandora unaenda Malindi kila siku," alisema. "Mimi na wewe hata siku moja. Siste, lazima twende tuone hii kitu ikiingia bahari."

Barabara ya lami haiufuati mto kila mahali, na ndani ya mbuga baiskeli haziruhusiwi kwa sababu simba hawajui mchezo. Kwa hiyo alichagua njia za karibu: Kangundo, Machakos, kushuka Wote, kutokea Makindu, kisha barabara kuu ya Mombasa hadi Mariakani, halafu kukata kupitia Kaloleni hadi Kilifi na kufuata Pwani mpaka mdomo wa mto.

Waendesha baiskeli wana desturi moja ambayo ni lazima niieleze. Anayekuwa mbele anakata upepo, na wa nyuma anajibana kwenye gurudumu lake ili asichoke. Lakini wa nyuma haoni mbele. Kwa hiyo wa mbele ni lazima aseme kila kitu anachokiona: shimo, tuta, changarawe, ng'ombe, gari. Na wa nyuma ni lazima ajibu, ili wa mbele ajue bado hajamwacha. Ndugu yangu alikuwa akipaza sauti, "Shimo kushoto!" nami najibu, "Poa!" Tulishuka hivyo kutoka Machakos, katika mabonde makavu ambamo mito ni mchanga mtupu na akina mama wanafukua maji kwa kata. "Tuta!" "Poa!" "Mbuzi!" "Poa!" Huwezi kumnunia mtu unayemjibu hivyo kutwa nzima. Nilikuwa na furaha nisiyokuwa nayo tangu utotoni, na nasema hivyo waziwazi kwa sababu sijaipata tena.

Tulipita Voi, tukapita Mariakani, tukapanda na kushuka vilima vya minazi vya Kaloleni, tukavuka daraja la Kilifi. Msitu ukaja mkono wa kushoto, kisha mashamba ya korosho. Alikwisha kuanza kuimba. Lori lilikuwa likilipita basi, likaja upande wetu. Nilichosikia ni sauti yake, "Gari mbele! Toka!" nami nikatoka, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa amenizoesha kutii kabla ya kuuliza. Niliangukia mtaroni, bega likateguka. Yeye alikuwa ametumia pumzi yake kuniambia mimi.

Lori halikusimama. Mama mmoja wa Kigiriama alitoka shambani akikimbia. Jua lilikuwa kali na lami ilikuwa ikichemka, kwa hiyo tulimvuta, yeye kwa mikono miwili na mimi kwa mmoja, mpaka chini ya mkanju wake, mti wa korosho, palipokuwa na kivuli. Hapo ndugu yangu alifumbua macho.

"Baiskeli yako iko sawa?" aliniuliza.

Nikamwambia iko sawa. Akafumba macho tena, na pumzi ikakoma. Polisi walipofika walipima lami, wakaangalia damu iliyokuwa lamini, wakaandika waliyoyaandika, na mimi nikapelekwa hospitali Malindi. Nikiwa kitandani huko, wanaume wa ukoo walikuwa Nairobi wakipanga mazishi. Mto sikuuona ukiingia baharini.

Kwetu, mtu akifia barabarani, haitoshi kuuzika mwili. Ni lazima watu wa nyumbani waende mahali pale alipokata roho, wamwite, wachukue udongo wa pale, waulete kwenye kaburi lake. La sivyo, anabaki huko akizungukazunguka. Wachungaji wanasema ni ushenzi, na wachungaji hao hao wakifiwa huenda kimyakimya. Basi baada ya mazishi baba mdogo alipanda basi hadi Pwani. Askari akamwonyesha mahali barabarani. Akachota udongo wa ukingo wa lami, akaupeleka magharibi, akachinja jogoo, akatangaza kwamba kijana amerudi. Mama aliendelea kuota.

Nilimpigia simu baba mdogo. Nilikuwa na hasira, na sikuificha vizuri.

"Baba mdogo, mbona hukuniuliza mimi?"

"Mambo haya si ya wanawake, binti yangu. Na askari alinionyesha."

"Askari alikuja yakiwa yamekwisha."

"Roho hutoka pale damu ilipomwagika."

"Ilitoka mikononi mwangu," nilisema. "Chini ya mti. Hukuchukua kitu. Ulichota vumbi la malori."

Nilidhani atakata simu. Nikamsikia akihema kama mzee, na kwa kweli ni mzee. Kuuliza si ujinga, lakini kwa wanaume wa kwetu kumuuliza msichana kunauma kuliko jino. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba, ikiwa ni hivyo, basi aliyempokea pumzi ndiye wa kumleta, hata kama ni mwanamke. Akanipa masharti. Nitumie leso mpya. Nimwite, nimwambie twende nyumbani. Njiani nimtajie kila njia panda na kila mto, kwa sauti, kwa sababu roho ya mgeni wa njia hupotea kwenye njia panda. Na nimpeleke moja kwa moja kaburini, nisimwingize nyumba nyingine.

Nilipomweleza mama, alinishika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo aliponishika hivyo.

"Mlete," alisema. "Akishafika, nitahama. Nitakuja kwako Komarock, nitalala kwenye hicho kitanda chako. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Kwa hiyo sikuwa nikifuata udongo peke yake. Nilikuwa nikifuata kifua cha mama. Mtaani kijana mmoja aliyekuwa akiendesha nasi aliniona nikifunga baiskeli juu ya basi la Malindi, akaniuliza, "Niaje, siste, unarudi tena kule?" kwa namna ya mtu anayedhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia nimesahau kitu.

Mama wa Kigiriama alinijua kabla sijajitambulisha. Alinikaribisha, akanipa maji, kisha akanieleza shida yake bila haya, nami nikampenda kwa hilo. Tangu siku ile watoto wake hawakaribii ule mkanju. Hawaokoti kanju, hawachezi kivulini. Mume wake anakataa hata kuupogoa.

"Mchukue, mwanangu," alisema. "Pole sana, lakini mchukue. Korosho zinaoza."

Chini ya mti kulikuwa na tabaka la kanju zilizooza, nyekundu na njano, na nyuki juu yake. Aliniletea jembe. Nilifukua pale kilipokuwa kichwa chake, nikaweka udongo kwenye leso, nikamwita. Nilimwita jina la nyumbani, lile la babu, kama nilivyoagizwa. Halafu kwa sababu hakuwahi kuitikia jina hilo hata shuleni, nikamwita lile la mtaani. Mama yule aligeuka akatazama pembeni. Nikasema, "Twende nyumbani," nikaifunga leso.

Ningeweza kurudi kwa basi kama mtu mwenye akili. Nilikwenda hata kituoni. Lakini fikiria mwanamke amekaa dirishani na leso mapajani akipaza sauti kwamba hapa ni Mariakani, hapa tunaingia kulia. Wangenishusha. Na tena yeye hakuwa mtu wa basi. Nikaufunga udongo kifuani, chini ya koti, nikapanda baiskeli.

Safari hii nilikuwa mbele mimi. Sijawahi kuwa mbele. Nilipofika shimo la kwanza baada ya Kilifi, niligundua kwamba kumtajia njia mtu aliyekufa na kumtajia njia mtu aliye nyuma yako ni kitu kimoja, nikapaza sauti, "Shimo kushoto!" Nikangoja jibu. Huo ulikuwa mwili wangu tu, si imani, mwili uliozoea. Hapakuwa na "Poa". Kulikuwa na mnyororo wangu na upepo wa bahari ukinisukuma mgongoni. Nilipanda Kaloleni nikisema, "Tunaingia kulia, kaka. Mlima huu, kaka. Tuta." Watoto wa shule walicheka. Wanawake wenye kuni hawakucheka, wengine walisimama kando mpaka nipite.

Barabara kuu ya Mombasa ilikuwa mateso. Kila lori lililonipita lilinivuta kisha likanisukuma, na kila mara nilifunika kifua kwa mkono mmoja. Usiku nililala nje, kwenye vibaraza vya vituo vya mafuta, nisimwingize nyumba ya mtu. Kwenye daraja la Tsavo nilisimama nikasema, "Huu ni Tsavo, unakutana na wetu hapo chini." Alikuwa ameniambia yeye maneno hayo hayo tukishuka, mahali hapo hapo, na hapo nililia, nikiwa nimeegemea chuma cha daraja, mpaka askari wa zamu akaja kuniuliza kama nataka kuruka.

Karibu na Kibwezi niliacha barabara kuu nikaenda kuuangalia Athi. Nilikuwa nimemuahidi mito yote. Maji yalikuwa ya kahawia, na kando ya mawe kulikuwa na povu jeupe zito. Mkulima aliyekuwa akimwagilia nyanya alisema maji yale yanawasha ngozi, na kwamba yanatoka kwa watu wa Nairobi. Hakusema kwa ubaya. Sikumwambia natoka mtaa gani. Tangu hapo kila nilivyopanda nilijua nakwenda pale uchafu unapoanzia, na kwamba huko ndiko ninakomrudisha mtu aliyetaka kuuona mto ukiwa safi walau mwisho wake. Nilitaka kugeuza. Nilifikiria hata kumrudisha Pwani, nimmwage pale mto unapoingia baharini, na mambo yaishie hapo. Kilichonizuia ni kikohozi cha mama, nilichokuwa nikikisikia kila jioni kwenye simu.

Baba mdogo alikuwa ananingoja kaburini. Lakini mama aliniomba nipitie Dandora kwanza, tusafiri pamoja kesho yake, na akirudi kutoka huko asirudi tena nyumba ile, aje kwangu moja kwa moja. Jirani alikuwa amekwisha kukubali kuchukua kuku wake. Niliona hakuna ubaya, kwani hiyo si nyumba nyingine, ni kwao. Mtu akienda kuzika kwa mara ya pili, ni vizuri aende na mama yake. Nikamtajia ndugu yangu Tala, Joska, Ruai, nikamtajia njia ya kuingia mtaani, nikakunja kona ya nyumbani jua likiwa bado lipo.

Mama alikuwa amevaa nguo ya Jumapili. Alinipokea leso kwa mikono miwili kabla sijashuka vizuri kwenye baiskeli. Hakulia. Akaingia nayo ndani, akaiweka juu ya kiti cha sofa, akaketi karibu, akaanza kuiambia habari za mtaa: nani ameoa, nani amehama, bei ya unga, mvua iliyong'oa mabati. Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mtu aliyekuwa safarini. Mimi nilijibwaga sakafuni. Nilimsikia mama akicheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka, na nilifikiri, Mungu nisamehe, kwamba tumeshinda.

Asubuhi nilikunja nguo zake na kuziweka kwenye begi. Baba mdogo alikuwa akipiga simu kuuliza kama tumeondoka. Mama alikuwa kwenye kiti chake kilekile, leso pembeni yake, na hakuwa amevaa viatu.

"Mama, basi litatuacha."

"Nenda ukamwambie shemeji yangu asingoje," alisema.

"Mama."

"Mtoto ametoka mbali. Amefika jana. Leo nimtoe tena?"

Nilimkumbusha ahadi, mbele ya Mungu, kitanda cha Komarock, maneno ya daktari. Nilipandisha sauti. Nilimwambia kwamba yule pale ni udongo, mama, ni udongo wa shamba la watu wa Kilifi, na mwanao ana kaburi. Nilisema hayo yote, mimi niliyekuwa nimemtajia udongo huo matuta ya njia nzima.

"Niliposema nitahama nilikuwa peke yangu," mama alijibu taratibu. "Sasa siko peke yangu."

Nje upepo ulikuwa umegeuka, na moshi ulikuwa umeanza kupita chini ya mlango. Kikohozi kikamshika, kirefu, kile cha kukunja mgongo. Alishika mkono wa kiti, akaipa leso kisogo, akafunika mdomo kwa kiganja, ili asimkoholee mtoto.